Mambo ya Nyumbani: Mbwa Aloweshaye Malalo Yake

Mwezi huu tumeona vema kusema neno juu ya jambo ambalo watu wengi hulionea haya mbele ya wageni, nalo ni mbwa wa nyumbani akojoaye pale alalapo. Labda wako watakaocheka na kusema, Je, hakuna habari kubwa kuliko kojo la mbwa? Basi na wacheke kidogo. Lakini mbwa aliyelinda nyumba kwa miaka sita au saba hufukuzwa kwa fimbo kwa ajili ya kosa hili moja, au hupakiwa garini na kwenda kutupwa porini, kisha wezi wakija usiku watu hushangaa kwa nini hakuna aliyebweka. Tena yuko mwingine apatikanaye na taabu, asiyetajwa na mtu: ni yule binti wa nyumba aambiwaye kila asubuhi aondoe gunia lililolowa, naye hulishika kwa mikono mitupu kabla ya kwenda shule. Kwa ajili ya hao wawili twaandika.

Kwanza yatupasa kuuliza, mbwa huyu amefungiwa kwa saa ngapi? Katika mji wa Songea, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi yetu, ni desturi kumtia mbwa bandani mchana na kumfungua usiku apate kulinda. Watu hutoka kwenda kazini na sokoni, na mbwa hutiwa komeo saa 12 asubuhi, asifunguliwe mpaka saa 1 usiku. Hizo ni saa 13. Mbwa mzima mwenye afya hapendi kabisa kuchafua mahali alalapo. Tangu utoto wake hujitenga na malalo ili ajisaidie mbali. Lakini kibofu chake kina mpaka, naye akikosa njia ya kutoka hufanya kwa lazima lile asilolipenda, na akilifanya siku nyingi huizoea harufu ile, hata mwisho haimchukizi tena. Kwa mbwa wa namna hii dawa yake ni ufunguo. Mtu wa nyumbani amtoe saa 6 mchana, hata kwa robo saa tu, na amtoe tena jioni. Tumeona kwamba neno hili rahisi ndilo watu huchelewa kulijaribu, kwani kila mtu hutaka kwanza kuambiwa jina la sindano.

Mtoto wa mbwa naye asihesabiwe kuwa na ugonjwa. Mpaka afikie miezi minne au sita hana nguvu ya kujizuia usiku kucha, kama vile mtoto mchanga asivyo nayo. Atolewe nje kila aamkapo, kila alapo, na kabla ya kulala. Akifanya mahali pazuri asifiwe palepale kwa sauti ya upole. Kumsugua pua katika mkojo wake, kama wengine wafanyavyo, hakumfundishi lolote ila kumwogopa yule amsuguaye.

Na hapa tuseme wazi habari ya fimbo. Mbwa akojoaye hali amelala usingizi hajui alitendalo. Huamka amelowa, naye hushangaa kama wewe. Ukimpiga asubuhi kwa jambo la usiku, hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Ajualo ni kwamba bwana wake amekuja na fimbo. Tena wako mbwa, hasa walio wadogo na waoga, ambao humwaga mkojo kidogo mara wamwonapo mtu mkali akiinama juu yao. Huo ndio unyenyekevu wao, ni namna yao ya kusema, Usinidhuru. Ukimpiga mbwa wa namna hiyo atazidi kukojoa, nawe utazidi kupiga, na jambo halitakwisha. Na sheria ya nchi imekwisha kusema neno lake: tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, nayo yakataza kumtesa mnyama.

Sasa twaja kwenye ugonjwa, na hapa ndipo penye uzito. Mbwa aliyekuwa msafi miaka mingi, kisha akaanza ghafula kulowesha malalo yake, mara nyingi ana neno ndani ya mwili. Vijidudu vyaweza kuingia katika njia ya mkojo, hasa kwa mbwa jike; hapo hukojoa mara nyingi, kidogo kidogo, na pengine mkojo huwa na damu au harufu kali. Vyaweza kuota vijiwe kibofuni. Figo zaweza kuchoka, au akapatwa na kisukari, maana mbwa nao hupatwa na kisukari. Katika magonjwa hayo mawili hunywa maji mengi kupita kiasi na kukonda. Na mbwa jike aliyetolewa kizazi, hasa akiwa mkubwa wa mwili, aweza baada ya miezi au miaka kulegea mlango wa kibofu, mkojo ukavuja akilala, ingawa mchana hana shida yo yote. Kwa hali hiyo iko dawa ambayo daktari wa mifugo huijua, na wengi hupata nafuu kwayo.

Mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa nyeusi, pamoja na homa, ufizi uliopauka na kukataa chakula, mara nyingi ni ugonjwa uletwao na kupe, nao huua upesi. Usingoje siku ya gulio. Vilevile mbwa dume achuchumaaye na kukaza mwili bila kutoka tone lo lote, huenda njia yake imezibwa na kijiwe. Asipopata msaada siku ile ile au kesho yake, atakufa.

Kabla ya kwenda kwa bwana mifugo, mwenye mbwa aweza kufanya kazi moja yenye faida kubwa, nayo haina gharama. Pima maji. Jaza chupa ya lita moja, mimina katika bakuli lake, na kila jaza lingine liandike. Baada ya saa 24 toa yaliyobaki. Mbwa wa kilo 15, ambao ni uzito wa mbwa wengi wa kwetu, akinywa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, na hali hakukimbia juani wala hakulishwa vyakula vya chumvi, basi kuna ugonjwa. Tumetaja chumvi kwa makusudi, maana wako wampao mbwa mabaki ya dagaa na samaki wa chumvi kila jioni, kisha hustaajabia kiu yake. Asubuhi kinga mkojo wake katika chombo safi kilichokauka, uufunike, uupeleke mapema siku ile ile. Kwa chombo hicho kidogo mganga wa wanyama atajua mengi kuliko kwa maneno yetu yote.

Lakini jihadharini na jambo moja: msimnyime mbwa maji. Twajua ni shauri litolewalo na majirani wengi, nalo laonekana kama lina akili, kwamba asiyekunywa hatakojoa. Mbwa mwenye figo zilizochoka au kisukari hunywa kwa sababu mwili wake wapoteza maji. Ukimfungia maji waweza kumwua kwa siku chache. Wala msimpe vidonge vya watu. Diklofenaki na paracetamol, zilizo katika kila duka la dawa, ni sumu kwa mbwa, nazo huharibu matumbo, figo au ini lake. Na kama mganga amempa dawa ya siku saba, zitimizwe siku saba, hata kama malalo yamekauka siku ya tatu.

Sasa turudi kwa yule binti na gunia lake. Uko ugonjwa ambao vijidudu vyake hukaa katika mkojo wa panya, ng'ombe, nguruwe, mbwa na wanyama wengine, nao huingia mwilini mwa mtu kwa kidonda, kwa mchubuko, kwa macho au kwa kinywa. Mwezi wa Julai mwaka 2022 ugonjwa huo ulizuka katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, jirani zetu wa mashariki. Watu waliona homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutoka damu puani. Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamekufa. Waliuita homa ya mgunda. Hatusemi kwamba mbwa ndio walioleta ugonjwa wa Ruangwa. Twasema tu kwamba mkojo wa mnyama si maji ya kuchezea. Kwa hiyo gunia lishikwe na mtu mzima, tena mwenye glavu, au aliyefunga mfuko wa nailoni mikononi. Lifuliwe mbali na kisima na mbali na vyombo vya kupikia, kisha lianikwe juani mpaka likauke kabisa, maana vijidudu hivyo hupenda unyevu na hufa pakavu. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na mtu wa nyumba akipatwa na homa, amwambie daktari kwamba nyumbani yuko mbwa mgonjwa wa mkojo.

Juu ya malalo yenyewe tuna maneno machache. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka bahari, na katika Juni na Julai baridi ishukayo kutoka milima ya Matogoro huwaumiza hata watu wenye blanketi mbili. Mbwa alalaye juu ya saruji iliyolowa ataumwa viungo, na mzee mwenye viungo vigumu hushindwa kuinuka upesi, hata mkojo ukamtoka kabla hajasimama. Mfanyie kichanja kifupi cha mbao au mianzi, kiinuke kiganja kimoja kutoka chini, ili maji yapite chini yake. Juu yake tandika majani makavu au maganda ya mahindi, ambayo hapa kwetu hayakosekani baada ya mavuno, na juu ya hayo gunia la katani. Viroba vya plastiki havifai. Hushika maji na kumlaza mbwa katika mkojo wake, ngozi ikachubuka na inzi wakataga mayai. Majani yakilowa yachomwe, yatandikwe mengine. Mbwa mwenyewe aoshwe kwa maji ya vuguvugu sehemu za nyuma na akaushwe.

Mbwa mzee kabisa huenda asipone. Macho yameingia ukungu, masikio hayasikii, miguu ya nyuma yatetemeka. Huyo atolewe taratibu kabla watu hawajalala, na mtu aamkaye usiku kwa haja zake mwenyewe amtoe tena. Kama ana maumivu makali yasiyotulizwa, daktari wa mifugo aweza kumlaza kwa sindano bila mateso, wenye nyumba wakiwa karibu naye. Kama hana maumivu, abadilishiwe majani kila siku, na bakuli la maji lisogezwe karibu na kichanja ili asilitafute gizani.