Dola Ikikohoa, Hamugembe Twashikwa Homa

Mfanyabiashara wa Hamugembe anayetaka Noah ya kupakia abiria wa Bukoba na Muleba huuliza kwanza bei ya gari. Kwa maoni yetu, swali la kwanza liwe bei ya dola, tena aliulize mara mbili: siku ya kulipia gari Japan na siku ya kulipa ushuru bandarini Dar es Salaam.

Tutazame hesabu. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu na shilingi 2,300. Kufikia Oktoba 2024 ilikuwa kama 2,700. Gari la dola 5,000, pamoja na bima na nauli ya meli, likapanda kutoka shilingi 11,500,000 hadi 13,500,000. Lakini ushuru nao hukokotolewa juu ya thamani hiyo. Ukiweka ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 peke yake, gari la kwanza linafika 16,962,500 na la pili 19,912,500. Pengo la milioni mbili limekuwa karibu milioni tatu, na bado hatujagusa ushuru wa bidhaa, tozo ya uchakavu wala mafuta ya kulileta gari Kagera. Nauli ya abiria haipandi kwa kasi hiyo.

Wapo wanaosema yeni imeshuka, hivyo magari ni rahisi. Ni kweli kwamba Julai 2024 dola moja ilinunua yeni 160 hivi, wakati mwanzoni mwa 2021 ilinunua kama 105. Lakini wauzaji wengi wa Japan hututajia bei kwa dola. Nafuu ya yeni huja kwa anayebishana bei, siyo kwa anayesubiri apewe.

Upatikanaji ni jambo jingine. Maduka mengi ya kubadilisha fedha yalifungwa baada ya misako ya 2018 na 2019, na mwaka 2023 dola zikaadimika hata benki. Mwenye shilingi kamili mkononi alipanga foleni, huku gari alilolichagua likichukuliwa na mwingine.

Tangu Machi 2025, kanuni zinataka bei za ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi. Sisi tunaiunga mkono, maana mnunuzi anajua anachodaiwa. Ila mfanyabiashara afahamu kwamba mzigo wa kupanda kwa dola sasa umekaa begani mwake. Akipokea malipo ya awali leo, akataja bei ya shilingi, kisha akachelewa kununua dola, hasara ni yake. Dola haina subira: Desemba 2024 ilishuka hadi karibu 2,400, na miezi michache baadaye ikapanda tena.

Ushauri wetu ni huu. Kwanza, ukishapatana bei, nunua dola siku hiyo hiyo. Pili, tenga fedha za ushuru kabla meli haijang'oa nanga, na uongeze akiba, tuseme sehemu moja ya kumi. Tatu, usikimbilie yadi dola inaposhuka ukidhani bei zitashuka kesho. Magari yaliyopo yaliingia kwa dola ya jana, nayo yatauzwa hivyo hadi yaishe. Nne, mwenye kahawa ya kuuza akumbuke kwamba bei yake nayo hufuata soko la dunia kwa dola. Anayepanga kununua gari kwa fedha za msimu ana kinga ambayo mwenye duka la nguo hana.

Hapa Kagera tunailaani butura, ya kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya hasara. Anayeahidi gari kwa shilingi bila kuwa na dola mkononi amejifanyia butura mwenyewe.