Pombe Isitiwe Katika Sufuria ya Wageni



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi katika nchi yetu ya juu. Hapa Embulbul, karibu na milima ya Ngong, ukungu hushuka alfajiri, na siku nyingine jua halionekani mpaka adhuhuri. Upepo ule ule unaozungusha mitambo ya umeme kule mlimani ndio unaopenya chini ya mlango wa jikoni. Wewe uliye katika mashamba ya makazi ya Kinangop au Ol Kalou huna haja ya kuelezwa habari hii, maana baridi yako hushinda yetu.

Hata hivyo baridi haizuii watu kukutana. Mahari hupelekwa, harambee hufanywa, akina mama hukutana katika chama chao, na msiba ukitokea majirani hukesha. Mgeni aliyetembea katika manyunyu akifika kwako, jambo la kwanza ni kumpa kitu cha moto mkononi. Chai ni nzuri, na hakuna anayeikataa. Lakini mkulima aliyepanda matufaha, ambayo wengine huyaita maepo, ana kitu kingine cha kuwapa wageni. Hicho ni maji ya matufaha yaliyochemshwa pamoja na viungo.

Kinywaji hiki hupendwa sana wakati wa baridi huko Uingereza na Marekani, na jina lake ni saida. Lakini jina hilo lina mtego. Uingereza, saida ni pombe iliyochachuka. Marekani, saida kwa kawaida ni maji ya matufaha tu, wala hayana kileo. Tena wako watu, huko na hapa kwetu, wanaomimina ramu au brandi ndani ya sufuria wakati wa kupika, kisha wakamgawia kila mtu. Basi mgeni akipewa kikombe hawezi kujua anakunywa nini.

Maoni yangu ni haya. Sufuria ya wageni ipikwe bila kileo hata tone. Mwenye nyumba akitaka kutoa kileo, na akitie katika kikombe cha mtu mzima aliyekiomba, mbali na moto. Sufuria ni ya watu wote, bali kikombe ni cha mtu mmoja.

Matufaha ya kutumia

Kwanza tuseme habari ya matunda, maana hapa ipo faida. Katika nchi yetu matufaha yanayofaa ni ya aina zisizohitaji baridi kali, kama Anna, iliyotoka Israeli, na Dorset Golden, iliyotoka visiwa vya Bahama. Aina hizi mbili hupandwa pamoja ili zipeane chavua. Wakati wa kuvuna, matunda mazuri huenda sokoni. Hubaki madogo, yenye makovu ya mvua ya mawe, na yale yaliyopigwa na upepo. Mnunuzi huyakataa, lakini ladha yake haina kasoro. Hayo ndiyo ya sufuria. Asiye na matufaha aweza kutumia peasi kwa namna hiyo hiyo.

Lakini angalia mambo mawili. Tufaha lenye ukungu au lililooza usilitumie, hata kama umekata sehemu mbovu. Ukungu wa matufaha huweza kutoa sumu inayoenea ndani ya tunda, na moto wa jikoni hauiondoi yote. Jambo la pili ni matunda yaliyoanguka chini. Wengi wetu hulisha ng'ombe na mbuzi chini ya miti, na katika samadi mna vijidudu viwezavyo kumwua mtoto. Mwaka 1996, huko Marekani, maji ya matufaha yasiyochemshwa yaliwaambukiza watu zaidi ya 60, na mtoto mmoja akafa. Kwa hiyo osha kila tunda kwa maji safi, kisha chemsha kinywaji mpaka kitokote kabisa. Usitoe maji mabichi ya matunda yaliyookotwa chini.

Namna ya kupika

Kwa vikombe 20 hivi, chukua kilo 3 za matufaha na lita 4 za maji. Kata kila tufaha vipande vinne na uondoe mbegu, lakini ganda liache, maana lina rangi na harufu nzuri. Tia katika sufuria pamoja na vijiti 3 vya mdalasini, karafuu 10, iliki 5 zilizopondwa kidogo, na kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole. Ukiwa na ganda la chungwa, litie nalo baada ya kuliosha.

Funika na uchemshe kwa moto wa wastani muda wa dakika 45, mpaka matunda yalainike. Yaponde kwa mwiko, kisha uchuje kwa kitambaa safi. Rudisha maji motoni, yaonje, na utie sukari au asali kidogo kidogo. Matufaha mengine ni matamu yenyewe wala hayahitaji kitu. Yakisha kutokota mara ya pili, punguza moto ili yabaki moto tu, na ugawe. Makapi yaliyobaki wapelekee nguruwe, au yatie katika shimo la mbolea.

Usitumie ndoo ya bati kupikia wala kuwekea kinywaji hiki. Matufaha yana asidi, nayo asidi hula rangi nyeupe ya bati, na mtu akinywa huumwa na tumbo. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ile ya kauri isiyobambuka.

Gharama kubwa hapa ni viungo, na hivyo hutumika kidogo tu. Mtu wa pwani hawezi kushangaa kusikia habari hii. Lamu na Mombasa wamekunywa kahawa na tangawizi tangu zamani, na karafuu hutoka kwa jirani zetu wa Unguja na Pemba. Sisi wa bara tunaongeza tunda letu tu.

Kwa nini kileo kisiingie katika sufuria

Sababu ya kwanza ni kwamba hujui nani atakunywa. Katika mkutano wa Embulbul wamo Waislamu na Wakristo, wamo wazee na watoto. Yumo mama mjamzito ambaye bado hajamwambia mtu. Yumo mwenye kutumia dawa zisizopatana na kileo. Yumo kijana wa bodaboda atakayewapeleka wageni wako watatu Ngong kwa barabara yenye utelezi. Yumo pia aliyeacha pombe kwa taabu kubwa, na kikombe kimoja chaweza kumrudisha alikotoka. Mkono unaogawa hauwezi kuwachagua wote hao. Tena sheria iko wazi: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumpa kileo mtu wa chini ya miaka 18. Sheria haiulizi kama ulikimimina kwa ukarimu.

Sababu ya pili ni kwamba watu hudhani moto huondoa kileo chote. Sivyo. Chakula kilichotiwa kileo kikichemshwa kwa dakika 15 hubakiwa na karibu asilimia 40 ya kileo chake, na hata baada ya saa moja robo yake ingali imo. Basi yule anayesema, "Wape watoto, pombe imekwisha kuchemka," anawapa watoto pombe.

Sababu ya tatu ni moto wenyewe. Mvuke wa pombe kali hushika moto upesi. Mtu akimimina chupa juu ya sufuria iliyo jikoni, mwali waweza kuruka ukamchoma uso, au ukamshika mtoto aliyesimama karibu akiota moto.

Je, kileo huleta joto?

Kuna msemo kwamba mzee anahitaji kidogo ili apate joto. Nawaheshimu wazee, lakini msemo huo si kweli. Kileo hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto hukimbilia nje, uso huwaka, na mtu huhisi amepata joto. Kumbe joto la ndani ya mwili linatoka na kupotea hewani. Mzee aliyekunywa, kisha akaenda nyumbani usiku katika ukungu, yumo katika hatari kuliko yule ambaye hakunywa. Kinachompa joto ni maji ya moto, chakula, blanketi na nyumba isiyopitisha upepo.

Na hapa nitaongeza neno moja la baridi. Usiwakusanye wageni katika chumba kilichofungwa pamoja na jiko la makaa. Hewa ya sumu itokayo katika makaa haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Acha dirisha wazi kidogo, na jiko litolewe nje kabla ya kulala.

Chupa hiyo imetoka wapi?

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwezi wa Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo. Mwezi wa Februari mwaka 2024, watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu. Wengi wa watu hao walikuwa kama wewe na mimi, watu wa kazi waliotaka kikombe cha bei nafuu.

Methanoli haitambulikani kwa macho, wala kwa pua, wala kwa ulimi. Mtu huinywa akalewa kama kawaida, na pengine mpaka kesho yake hana habari. Kisha macho huingia giza, kichwa humwuma, hutapika na kupumua kwa shida. Mtu wa namna hiyo asiachwe alale ili "pombe imtoke". Apelekwe hospitali mara moja, maana dawa ipo, nayo hufaa ikiwahi.

Sasa fikiri. Viungo vya sufuria yetu vina nguvu. Mdalasini, karafuu na tangawizi huficha ladha ya kitu chochote. Mtu akileta chupa isiyojulikana ilikotoka, akaimimina katika sufuria ya vikombe 20, amewapa sumu watu 20 kwa mara moja, na hakuna hata mmoja atakayeonja tofauti. Kuchemsha hakutawaokoa. Lakini kileo kikitiwa kikombeni, kila mtu huiona chupa, huona muhuri wake, naye aweza kukataa.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kutoa kileo, na anunue chupa iliyofungwa, yenye stempu ya ushuru, katika duka lenye leseni. Aifungue mbele ya wageni. Kipimo ni vijiko 2 vya mezani katika kikombe kimoja, naye anayekunywa asiwe dereva. Kikiisha kikombe hicho, cha pili kiwe cha matufaha matupu. Na asitokee mtu wa kuuza kinywaji hicho langoni, maana kuuza kileo bila leseni ni kosa.

Desturi zetu zilijua jambo hili

Labda mtu atasema kwamba mwenye nyumba asiyetia pombe katika sufuria ni mchoyo, na kwamba desturi zetu zilikuwa za ukarimu. Namwomba azitazame desturi hizo vizuri. Wamaasai walitengeneza pombe ya asali, na Wakikuyu walikuwa na muratina. Lakini pombe hiyo haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya wazee, tena kwa shughuli maalumu, kama mahari na baraka. Moran hakuinywa. Kila mtu alijua nani anakunywa, wakati gani, na kwa sababu gani. Maziwa na uji ndivyo vilivyokuwa vya watu wote.

Basi ninachokisema si jambo geni. Sufuria ya matufaha ishike mahali pa uji, na chupa ikae pale kilipokaa kibuyu cha wazee. Simkatazi mtu mzima kinywaji chake. Ninachokataa ni kumpa mtu kinywaji ambacho hakukichagua.

Mwezi huu, utakapokaribisha watu, mpe mtu mmoja kazi ya kulinda sufuria, kama vile mnavyompa mmoja kazi ya kulinda nyama. Yeye peke yake ndiye agawe, na asiruhusu mkono mwingine kutia kitu. Ndipo mtoto, mama mjamzito, Mwislamu, mzee na dereva wataweza kunywa katika sufuria moja bila kuuliza, na kila mmoja atafika nyumbani salama.