Kipa Naye Ni Mwali



Kuna neno linatembea hapa Arusha, kutoka Ngarenaro mpaka Sakina, na visiwani halijakosekana: eti msichana anayedaka mpira haolewi, na akiolewa basi glavu zibaki kwa mama yake. Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunalisikia sana, maana posa na vipimo hufuatana. Tumelichoka.

Wanaolisema hutanguliza stara. Haya, tuanze na stara, ndiyo kazi yetu. Sheria za mpira zinamruhusu kipa kuvaa suruali ndefu ya traksuti, zimemtaja kabisa. Jezi yake ina mikono mirefu, viganja viko ndani ya glavu. Kichwa je? Mwaka 2011 wasichana wa Iran walizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya hijabu. Machi 2014 ikaruhusiwa rasmi, na mwaka 2023 beki wa Morocco, Nouhaila Benzina, akacheza Kombe la Dunia akiwa amejistiri. Masharti ni kwamba iwe nyeusi au ifanane na rangi ya jezi, isishonewe kwenye jezi, isiwe na kifungo cha hatari shingoni wala ncha zinazoning'inia. Hilo linamalizwa na mkasi na lastiki, halihitaji kuvunja posa.

Sasa tupimane. Hao hao huleta kitambaa cha sendofu wakitaka kibane kiunoni, mgongo uwe lesi tupu, na mpiga video awe mwanamume. Hapo stara hatuisikii! Lakini binti aliyevaa traksuti, katika baridi ya Julai chini ya Mlima Meru, ndiye aliyetuaibisha?

Hatutoi fatwa, wenye elimu wapo. Tunachokijua ni kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, kisha baadaye, mwili ulipoongezeka, akashindwa yeye. Mtatuambia kwamba wenzao walikuwa wametangulizwa mbele. Ni kweli, ndiyo maana hatusemi kila uwanja na kila kocha ni sawa. Ulizeni mazoezi yako wapi, nani anatazama, nani anamrudisha nyumbani. Hayo ni maswali ya mzazi. "Ataolewa na nani?" ni swali la jirani.

Kinachotuuma zaidi ni kumkatisha binti kazi kabla haijaanza. Winga huishi kwa mbio, zikipungua basi. Kipa anaishi kwa macho, kwa kujua asimame wapi na awapange vipi mabeki wake, na ujuzi huo huongezeka na umri. Essam El-Hadary wa Misri alidaka Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Almuth Schult, kipa wa Ujerumani, alijifungua mapacha mwaka 2020, na mwaka 2022 alikuwa kikosini kwenye Kombe la Ulaya la wanawake. Tangu 2021 FIFA inataka mchezaji wa kulipwa apewe likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na sheria ya ajira ya huku bara inatoa siku 84. Kwa hiyo "atazaa" nayo si hoja. Binti wa miaka 20 langoni bado ni mwanafunzi.

Julai 2025, kule Morocco, Twiga Stars walitoka sare 1-1 na Afrika Kusini, mabingwa wa Afrika wa 2022. Najiat Abbas wa JKT Queens alikuwa miongoni mwa makipa wa kikosi hicho. Mji mzima ulishangilia, hata shangazi wenye hilo neno lao. Binti wa watu tunampigia vigelegele, wa kwetu tunamfichia viatu.

Maharusi, mahari mnaitaja mpaka kitanda na cherehani. Mazoezi nayo yatajwe mbele ya mshenga na walii, siku ngapi na saa ngapi, kabla ya nikaha. Sharti kama hilo lina uzito gani, wanavyuoni wametofautiana, basi kamuulizeni kadhi mapema. Mchumba akikataa, akatae posa ikiwa bado posa.

Na mkija kupimwa hijabu ya langoni, njooni na jezi yenyewe tulinganishe rangi. Kitambaa kiwe kinachovutika. Pini ziacheni nyumbani.