Kukodi au Kukodisha? Lugha ya Makubaliano ya Safari Kitengela na Kajiado

Alfajiri ya Jumamosi mjini Kitengela, abiria wa kawaida wa kuelekea Nairobi hugundua kuwa matatu zimepungua steji. Zilizobaki zimepandisha nauli. Matatu nyingine hazijaharibika wala hazijakamatwa, zimekodiwa. Moja inapeleka waombolezaji Machakos, nyingine inasindikiza posa Murang'a, ya tatu imechukuliwa na akina mama wa chama wanaokwenda kumwona mwenzao aliyejifungua Kajiado mjini, takriban kilomita hamsini kusini. Wanafunzi nao wana zamu yao, kwani kaunti ya Kajiado ina Amboseli, ina Ziwa Magadi, na ina Olorgesailie yenye zana za mawe za watu wa kale.

Biashara hii imekua pamoja na mji wenyewe. Kitengela ilikuwa nchi ya malisho ya Wamaasai kabla ya kuwa makazi ya wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, hasa baada ya sheria ya maeneo maalumu ya viwanda, yaani EPZ, kupitishwa mwaka 1990. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya 150,000. Wengi wao wana kwao kwingine, na mtu mwenye kwao kwingine hana budi kusafiri pamoja na wenzake: kuzika, kuoa, kutambulishwa, kuchanga. Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mmaasai na Mkisii wanaofanya kazi kiwanda kimoja hupanda gari moja kwenda kumzika mwenzao, na lugha wanayopatania bei ya gari hilo ni Kiswahili.

Hapa ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapohusika, ingawa wengi wao hawajatambua. Mapatano hayo hufanywa kwa mdomo au kwa ujumbe mfupi wa simu, na mara nyingi hayaandikwi popote. Yanapoandikwa, huandikwa kwa Kiingereza kilichonakiliwa kutoka karatasi nyingine, ambacho aghalabu dereva, makanga na mweka hazina wa chama hukitia saini bila kukisoma. Lugha waliyoelewana kwayo haimo katika karatasi. Lugha iliyomo katika karatasi hawakuitumia kuelewana.

Chukua neno lenyewe la shughuli hii. Sarufi iko wazi: anayelipa ili atumie gari hukodi, na mwenye gari hukodisha. Kiambishi cha kusababisha ndicho kinachotenganisha pande mbili za biashara, kama vile mpangaji anavyopanga nyumba na mwenye nyumba akampangisha. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku Kenya nzima husikika "tumekodisha matatu" kutoka kwa watu wasiomiliki hata baiskeli. Wapo watakaosema kwamba matumizi ndiyo mwalimu wa lugha, na kwamba kumsahihisha abiria ni ukiritimba wa wasomi. Katika maongezi hoja hiyo ina nguvu. Lakini hebu sentensi hii iingie katika makubaliano: "Mafuta yatalipiwa na mkodishaji." Kikundi kilichofundishwa shuleni kinaelewa kuwa mafuta ni juu ya mwenye gari. Mwenye gari, aliyesikia maisha yake yote kuwa wanaokodisha ni hao abiria, anaelewa kinyume chake. Wote wawili wana haki ya kuelewa walivyoelewa, na ubishi utatokea kwenye kituo cha mafuta, jeneza likingojewa.

Saa nazo ni hatari vilevile. Ujumbe wa simu unasema "tutoke saa 10". Kwa Kiswahili hiyo ni saa kumi, alfajiri au alasiri. Lakini kijana aliyezoea kusoma tarakimu za simu kwa Kiingereza ataisoma kuwa saa nne. Tofauti ni ya saa sita, nayo yatosha kukosa mazishi. "Usiku wa Jumamosi" una mtego mwingine: kwa desturi ya pwani, usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa, kwa mwenyeji wa bara aghalabu ni ule unaofuata mchana wa Jumamosi. Kiswahili kina dawa yake mwenyewe, "usiku wa kuamkia Jumamosi", lakini dawa hiyo hutumika zaidi katika taarifa za habari kuliko steji.

Kama hasara ingekuwa ya fedha na muda tu, mjadala huu ungeweza kuachiwa madalali. Kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2012, inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa nane katika kipindi cha saa ishirini na nne. Sasa itazamwe safari ya mazishi ya kutoka Kitengela hadi Kakamega na kurudi siku iyo hiyo. Kwenda peke yake humaliza saa hizo nane, au karibu nazo. Dereva mmoja hawezi kuifanya safari hiyo kihalali, na yamkini usiku uliotangulia alikuwa bado anabeba abiria wa Nairobi. Lakini watu wanapopatana husema "kwenda na kurudi", maneno matatu, na bei hutajwa. Hakuna anayeuliza ni madereva wangapi, wala dereva atalala wapi. Maneno hayo matatu yamemeza usingizi wa mtu ambaye maisha ya watu thelathini yamo mikononi mwake.

Vivyo hivyo husemwa kwamba "watoto hawahesabiwi". Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita themanini kwa saa, na kuwafanya abiria wazoee kwamba kila mtu ana kiti chake. Katika safari za kukodi kawaida hiyo husahaulika kwa urahisi, kwa sababu walio ndani wote ni jamaa na hakuna anayetaka kumwacha shangazi barabarani. Suala la bima nalo hupita kimyakimya. Bima hufungwa na matumizi yaliyotajwa ndani yake. Basi la shule au gari la binafsi lililochukuliwa kwa bei nafuu laweza kuwa halina kinga yoyote kwa abiria wa kulipa, na wao wasijue hadi siku ya ajali.

Utetezi wa makubaliano ya mdomo unajulikana, tena si wa kupuuzwa. Watu wa steji hufahamiana. Dereva aliyewatupa abiria njiani leo hatapata kazi kesho. Karatasi humtisha mtu na kumfanya aone kuwa anashukiwa. Hoja hii ingetosha kama mwenye gari na mwenye safari wangekutana. Lakini siku hizi katikati yao yupo dalali, ambaye hupokea malipo ya kutangulia, yale ambayo Waswahili wa zamani waliyaita arubuni, kisha huondoka. Gari likiharibika kati ya Isinya na Kajiado, kikundi humpigia yeye, naye humtaja mwenye gari, ambaye husema kuwa hakupokea kitu. Uaminifu hauwezi kumbana mtu ambaye jina lake halikutajwa.

Kinachohitajika ni ukurasa mmoja wa Kiswahili. Utaje mwenye gari na wenye safari kwa majina yao, na ikiwezekana uwaite hivyo tu, "mwenye gari" na "wenye safari", ili ubishi wa mkodi na mkodishaji ubaki darasani. Useme idadi ya viti, si ya watu. Uandike saa kwa maneno pamoja na kipindi cha siku: "saa kumi alfajiri". Useme madereva ni wangapi, nani atalipia mafuta na maegesho, gari mbadala litatoka wapi, na arubuni itarudishwa vipi safari ikivunjika. Nambari ya gari na ya hati ya bima ziwemo. Hakuna lolote hapo linalohitaji wakili, na hakuna linaloshinda uwezo wa Kiswahili.

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika nayo kikamilifu, na habari ambazo mtu hazielewi ni vigumu kusema kwamba amezipata. Jirani wa upande wa pili wa Namanga amepiga hatua zaidi: mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya haina haja ya kungoja Bunge kwa karatasi ya kukodi matatu.

Wala vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina haja ya kwenda mbali kutafuta pa kuanzia. Kila kongamano la chuo jirani hutanguliwa na kukodi basi, na mara nyingi barua ya kuliomba huandikwa kwa Kiingereza na wanafunzi wanaokwenda kuwasilisha makala kuhusu ustawi wa Kiswahili. Basi la kongamano lijalo lingeweza kuombwa kwa ukurasa ule mmoja, na nakala yake ikaachwa kwa dereva akirudi nayo steji ya Kitengela.