Akiba ya Askari na Njia ya Maji

Tangu majeshi yetu yalipokwenda Somalia mwaka 2007, askari wengi wamerudi na posho zao na kuzitia katika matofali. Wanajeshi hukopa katika chama cha akiba cha Wazalendo, polisi katika Exodus, wakanunua kiwanja na kuinua safu ya vyumba vya kupangisha. Hilo ni jambo la kusifiwa, maana kodi ya nyumba huendelea kuingia hata baada ya gwanda kuvuliwa. Mjini Kampala vyumba hivyo huitwa mizigo; kwa sisi tusemao Kiswahili, jina hilo pekee lingetosha kutufanya tufikiri mara mbili.

Katika mazungumzo ya kambini husikika bei ya saruji na ukaidi wa wapangaji. Lakini mpangaji asiyelipa huleta hasara ya mwezi mmoja au miwili. Maji huleta hasara ya miaka ishirini kwa usiku mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Mto Nyamwamba ulishusha mawe ya Rwenzori hadi Kasese mwaka 2013, ukafurika tena mwaka 2020. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la taka la Kiteezi liliporomokea nyumba zilizojengwa chini yake, wakafa watu zaidi ya 30. Wanaotumwa kuopoa maiti katika maafa ya namna hii ni askari na polisi wenyewe. La ajabu ni kwamba baadhi yao, likizo ikifika, huenda kununua kiwanja bondeni kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Unafuu huo una sababu yake. Kanuni za mwaka 2000 zimetenga mita 200 kutoka ukingo wa maziwa makubwa, na mita 100 kutoka kingo za mito mikubwa. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likakipita kina cha mwaka 1964. Na maji yasipokuja, huja tingatinga: mwezi Juni 2024 nyumba zilizokuwa ndani ya kinamasi cha Lubigi zilibomolewa, nasi wenye sare ndio tuliosimamia ulinzi.

Kwa ndugu wajengao Fort Portal, Bundibugyo na Kasese, adui mwingine yuko chini ya ardhi. Toro ilitikiswa vibaya tarehe 20 Machi 1966, na tena Februari 1994. Ukuta wa matofali usio na nguzo za nondo, wala mkanda wa zege uzungukao nyumba nzima, hufunguka kwenye kona na paa likawaangukia waliomo. Mwenye nyumba akiwa Mogadishu, fundi hupata nafasi ya kupunguza nondo, na picha inayotumwa kwa simu haionyeshi kilichomo ndani ya zege. Heri amlipe mhandisi aje kukagua kabla zege halijamiminwa.

Bima nayo hapana budi isomwe. Bima ya moto mara nyingi haihesabu mafuriko wala tetemeko mpaka yaongezwe kwa maandishi. Tena, nyumba ya shilingi milioni 100 iliyoandikishwa kwa milioni 50 ili ada iwe ndogo, ikipata hasara ya milioni 40, kampuni yaweza kulipa milioni 20 tu, kwa hoja kwamba nusu ya hatari aliibeba mwenyewe. Deni la chama, kwa upande wake, halisombwi na maji. Litakatwa katika mshahara hata kama kilichobaki ni msingi.

Kwa hiyo tunaviomba vyama vya akiba vya majeshi, vinapopokea ombi la mkopo wa ujenzi, vidai pamoja na hatimiliki barua ya afisa mazingira wa wilaya ielezayo maji ya mvua hupita wapi. Barua hiyo ipatikane kabla fedha hazijatoka.