Kidonda Kidogo Si Jambo Dogo

Wengi hudhani kuwa mchubuko mdogo haustahili kushughulikiwa. Kwa mwenye kisukari, dhana hiyo ni ya hatari. Bakteria aitwaye Streptococcus pyogenes, ambaye kwa kawaida huleta maumivu ya koo tu, akipenya ndani ya mwili aweza kutoa sumu inayozichochea chembe za kinga kupita kiasi. Shinikizo la damu hushuka, figo na ini hushindwa kazi. Madaktari waliieleza hali hiyo mwaka 1987. Huua wagonjwa 30 hadi 70 katika kila 100.

Kisukari cha muda mrefu hudhoofisha mishipa ya fahamu, mgonjwa asihisi jeraha mguuni. Nazo chembe nyeupe za damu hupigana kwa unyonge. Penisilini ingali yamuua bakteria huyo, ila haiondoi sumu iliyokwisha kuenea. Hivyo, hapana budi kinga ianzie nyumbani, kwa maji, sabuni na uangalizi wa kila siku.

Mwanafunzi ajuaye kuchora bakteria, lakini asiyejua kuukagua mguu wa babu yake mwenye kisukari, elimu yake haijatimia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.