Kabla hujanunua kigari cha milango miwili kwa hela ya mzigo



Kuna dogo mmoja huku kwetu Kimuli anauza senene na kahawa ya kusaga mtandaoni. Juzi kanionyesha gari kwenye simu: Toyota Celica nyekundu, milango miwili, iko Dar, wanataka milioni tisa. "Kaka, hii inaniita." Nikamuuliza hela iko wapi. Akajibu, "Ni ile ya mzigo wa msimu."

Mimi sio wa kumwambia mtu asipende gari zuri. Hata mimi naipenda. Shida yangu ni sababu aliyonipa: eti wateja watamwamini zaidi.

Mteja wako yuko Mwanza au Dodoma. Gari lako halioni. Anaona picha ya bidhaa, anaona umemjibu saa ngapi, na mzigo umefika au haujafika. Basi. Tukubaliane gari hili ni starehe. Starehe sio dhambi, ila inalipiwa na faida, sio mtaji.

Kuna watakaosema Celica ilishinda Safari Rally 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda nayo. Ni kweli kabisa. Ila zile ziliandaliwa kwa mashindano, na nyuma yake kulikuwa na timu nzima ya mafundi. Hii ya mtaani imekaa chini. Masika njia zetu za ndani zikichimbika, bampa ndiyo inayoumia.

Halafu kuna gharama. Celica za mwisho zilitengenezwa 2006. Ukiagiza Japani leo ina zaidi ya miaka 10, kwa hiyo unaongezewa ushuru wa uchakavu 30%, achilia mbali VAT na kodi nyingine. Kwa mtu wa mtaji mdogo, nafuu ni kutafuta ambayo tayari ipo nchini.

Faida yamefika na bado unaitaka? Fanya hivi:

1. Tafuta yenye injini ya 1ZZ, cc 1,800. Injini hiyo imo pia kwenye Allion, Premio na RAV4 za miaka ile, hivyo fundi anaijua na vipuri vyake vinapatikana. Ila taa, bampa na milango ya Celica haviingiliani na hizo. Ikigongwa, utatafuta sana.

2. 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Waambie gari iwe imelala, asubuhi iwashwe ukiwepo. Ikitoa moshi wa bluu, achana nayo. Pima na oili kabla haijawashwa.

3. Nenda na fundi wako, sio wa muuzaji. Aingie chini aangalie shokapu, bushi na kama chasisi imewahi kunyooshwa.

4. Namba ya chasisi kwenye gari na kwenye kadi zifanane, na jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Angalia pia kama inadaiwa faini za trafiki.

5. Weka pembeni hela ya kulifikisha Kimuli, ni zaidi ya kilomita 1,300, pamoja na ya matengenezo ya mwanzo. Kama milioni tisa ndiyo yote uliyonayo, gari la milioni tisa bado hujaliweza.

Dogo nimemshauri hivi: nunua senene kwanza, uza, rudisha mtaji wote, halafu faida uiweke kwenye laini nyingine usiyoigusa. Misimu ikipita na hela ipo, mimi mwenyewe nasindikizana naye Dar. Celica nyingine itapatikana tu. Senene wakishapita, hawarudi mpaka msimu mwingine, na mteja uliyemkosesha mzigo ameshahamia kwa mwenzako.

Hajanijibu bado. Wewe ungemwambiaje?